Kanda la Usufi

Katika misitu ya Kanada hakuna mpagazi. Ukishaegesha gari na kuishika njia ya miguu, chakula chako, nguo zako, malazi yako na dawa zako vyote viko mgongoni mwako, na hakuna wa kukupokea. Kwa mtu aliyekulia Moshi hili si jambo dogo. Sisi tumezoea safari ya mlimani inayoanzia kwenye mizani ya getini. Mgeni anapanda Kilimanjaro na chupa ya maji na kamera. Mbele yake, maana wao huwa wamekwisha kumpita, wanakwenda vijana wa kwetu na mahema, mitungi ya gesi, meza, viti vya kukunja, trei za mayai, hata choo cha kubebeka. Sheria ya hifadhi inataka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayetaka kuiona methali hiyo kwa macho na asimame asubuhi kwenye geti la Machame.

Nimeishi Ontario kwa muda wa kutosha kuyazoea ya huko, na katika hayo hakuna lililonigusa kama hili la watu kuingia msituni kwa siku tatu, kwa wiki, wakati mwingine kwa zaidi ya wiki, na shanta ambalo ukilinyanyua unashangaa lilivyo jepesi. Wamelifanya suala la uzito kuwa elimu. Wanapima kila kitu kwa mizani ya jikoni, hata kijiko, wanaandika gramu na kujumlisha. Shanta na vyote vilivyomo, ukiondoa chakula, maji na gesi, kama havifiki kilo 9 mzigo huo huhesabiwa kuwa mwepesi. Wako wanaoshuka chini ya kilo 4.5, nao huheshimiwa sana katika jamii yao. Mtindo huu una wazee wake huko Marekani. Mwaka 1955 mama mmoja wa Ohio, Emma Gatewood, akiwa na umri wa miaka 67, aliitembea njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200, akiwa na raba miguuni, mfuko aliojishonea mwenyewe, na pazia la bafuni la kujikinga na mvua. Miaka ya 1990 Ray Jardine aliandika vitabu vilivyowafanya vijana wengi waanze kujishonea mashanta na maturubai yao.

Ukiutazama mtindo huu kutoka nje unaweza kudhani ni mambo ya dukani: sufuria za titani, mahema ya nusu kilo, vitambaa ambavyo bei yake inatisha. Mimi naamini vingine. Uzito wa safari hautoweki kwa kununua. Ama umeujua msitu kiasi cha kutokihitaji kile kitu ulichokiacha, ama kuna mtu, mnyama au ziwa limekubebea bila wewe kujua. Kati ya wepesi wa namna hizi mbili kuna tofauti kubwa, na historia ya Kanada imejaa mifano ya yote mawili.

Mfano mzito kuliko yote uko kaskazini-magharibi, kwenye njia ya Chilkoot, kilomita 53 kutoka Dyea huko Alaska hadi ziwa Bennett, British Columbia. Mwaka 1896 dhahabu ilipatikana kwenye kijito kinachoingia mto Klondike, Yukon. Habari zilipofika Seattle na San Francisco mwaka uliofuata, watu wanaokadiriwa kufika laki moja waliacha kazi zao na kuelekea kaskazini, na maelfu kati yao walipita Chilkoot. Polisi wa Kanada waliokaa kileleni, mpakani, waliogopa njaa. Mji wa Dawson haukuwa na mashamba, na majira ya baridi yakifunga mito hakuna meli inayoingia. Kwa hiyo waliamuru kila anayevuka awe na chakula cha mwaka mzima. Chakula peke yake kilikaribia kilo 520. Ukijumlisha hema, jiko la chuma, misumeno, misumari, makoleo na nguo, mzigo wa mtu mmoja ulifika karibu tani nzima.

Tani haibebeki na mtu. Basi mtu alichukua kilo 25 au 30, akapanda, akaziweka juu ya theluji, akachomeka mti ili kesho apaone mahali pake, akashuka, akaanza upya. Kipande cha mwisho kilikuwa kikali mno, wakakichonga ngazi kwenye barafu, ngazi 1,500 hivi, na watu wakazipanda kwa mstari mmoja, mgongo wa huyu puani mwa yule. Aliyetoka mstarini kupumzika alikaa muda mrefu akisubiri nafasi ya kurudi. Ili kufikisha tani yake juu mtu alipanda mara thelathini na zaidi. Mpiga picha Eric Hegg aliupiga mstari ule, na picha zake bado zinasambaa duniani kote: mlima mweupe, na alama nyeusi zilizofuatana kutoka chini hadi juu, kila moja mtu aliyeinama. Tarehe 3 Aprili 1898 theluji iliporomoka karibu na hapo ikaua watu zaidi ya 60. Waliobaki wakaendelea kupanda. Na wengi waliofika Dawson walikuta vijito vyote vya maana vimekwisha kuwa na wenyewe.

Wenye fedha hawakubeba tani zao. Waliwaajiri Watlingit, wenyeji wa pwani ile, na Watlingit walitoza kwa uzito. Walibeba wanaume, walibeba wanawake, walibeba hata watoto wakubwa. Kabla ya dhahabu njia hiyo ilikuwa yao. Ndiyo waliyopitishia mafuta ya samaki kwenda bara na kurudi na ngozi za wanyama kutoka kwa watu wa upande wa pili. Huwezi kuisoma habari hiyo ukiwa mtu wa Afrika Mashariki usiikumbuke njia ya kutoka Tabora hadi Bagamoyo na Wanyamwezi waliobeba frasila mbili mabegani kwa miezi. Popote palipokuwa na mali ya kuvuka bara palikuwa na mabega ya watu wengine.

Sina nia ya kuwahukumu wale wa Klondike. Akiba haiozi, na huenda amri ile ya polisi iliokoa maisha ya wengi. Lakini tazama hesabu yenyewe. Mgeni asiyeijua nchi hakuwa na la kufanya ila kuihamisha Seattle kwa mafungu, kilo 30 kwa kilo 30, hadi ng'ambo ya mlima. Mtlingit alivuka mlima uleule bila tani yoyote ya kwake, kwa sababu alijua samaki wanapanda mto lini, alijua theluji ya saa ngapi haikanyagiki, na alikuwa na watu wa kumpokea upande wa pili. Tofauti ya mizigo yao ilitokana na kile ambacho mmoja alikijua na mwingine hakukijua. Nguvu za mwili hazikuwa na sehemu kubwa.

Leo Chilkoot ni njia ya matembezi ya siku tatu hadi tano. Pembeni kuna soli za viatu, makopo yaliyoliwa na kutu, vyuma vya majiko, na karibu na kilele mafungu ya mbao na turubai ya mashua za kukunja, zilizobebwa hadi kule juu kisha zikaachwa. Sheria inakataza kuokota hata msumari mmoja.

Turudi Ontario, kwenye nchi ya Waanishinaabe. Hawa walihama kwa majira. Mwanzo wa machipuko walikwenda kwenye miti ya mepo kukinga utomvu wa kupikia sukari, kisha kwenye maji ya samaki, kisha kwenye matunda ya porini na mpunga wa ziwani, na wakati wa baridi waligawanyika familia kwa familia kwenye mawindo. Nyumba yao ya kuhama ilisimama juu ya fito za miti michanga zilizokunjwa na kufungwa, na juu ya fito yakaja magome ya mbetula, mti wenye ngozi nyeupe inayobanduka kwa tabaka, yaliyoshonwa pamoja kwa mizizi myembamba. Gome hilo lina mafuta, maji hayalipenyi. Siku ya kuhama waliyakunja magome, wakayafunga, wakaondoka nayo. Fito ziliachwa zimesimama, na familia iliporudi msimu mwingine ilizikuta zikiisubiri. Sijaona popote akili ya wepesi iliyokamilika kuliko hiyo: unabeba kile tu ambacho mahali unakokwenda hapana. Mtembezi wa leo anayesimamisha turubai kwa fimbo zake mbili za kutembelea, badala ya kubeba vyuma vya hema, anafuata njia ileile ya kufikiri, ajue asijue. Ila asiguse gome la mbetula ulio hai; likibanduliwa vibaya mti unaweza kufa, na ndani ya hifadhi ni kosa.

Hifadhi ninayoijua zaidi ni Algonquin, iliyotengwa mwaka 1893, yenye eneo la kilomita za mraba 7,600 hivi, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Toronto. Imebeba jina la watu ambao hawakuulizwa ilipotengwa. Waalgonquin, tawi mojawapo la Waanishinaabe, hawakuwahi kutia saini mkataba wa kuitoa ardhi hiyo. Walianza kuwasilisha madai yao karne ya 18, na mapatano ya awali kati yao na serikali yalitiwa saini mwaka 2016 tu. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka Wamasai walivyohamishwa Serengeti mwaka 1959 hahitaji kufafanuliwa jinsi nchi inavyogeuzwa kuwa pori lisilo na watu. Nalisema hili mapema kwa sababu wepesi wa mtembezi unaweza kumlewesha akajiona yeye ndiye wa kwanza kupita. Kila mahali pazuri pa kupiga kambi kando ya maziwa yale, palipo sawa, pakavu, penye upepo wa kufukuza mbu, pamelaliwa na watu kwa maelfu ya miaka.

Njia ya Highland iko kusini mwa hifadhi hiyo. Ina mizunguko miwili, mfupi wa kilomita 19 na mrefu wa 35, ikipanda na kushuka vilima vya mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera. Hapo ndipo mtu anapojifunza somo la maji. Lita moja ni kilo moja, na anayetoka nchi ya ukame hubeba lita tatu kwa mazoea. Lakini sehemu hii ya Kanada imekaa juu ya mwamba wa kale sana, ambao barafu ya zama zilizopita iliukwangua hadi ukabaki na mashimo yasiyo na idadi, na kila shimo limejaa maji. Ukiijua ramani, unajua kwamba mbele yako, kabla kiu haijakukamata, kuna ziwa. Chupa moja inatosha. Kinachobaki ni kuyasafisha maji, maana buku wa majini, yule mnyama ajengaye mabwawa kwa meno yake, huyaingizia vijidudu vya kuendesha tumbo. Kichujio cha kisasa hakifiki gramu 100. Ndani yake kuna mirija myembamba iliyojikunja, yenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hawapiti. Unakikaza kwenye mdomo wa mfuko wa maji, unaukamua mfuko polepole, na maji yanatoka yakiwa baridi, na ladha ya mawe. Kina adui mmoja: baridi kali. Maji yaliyobaki kwenye mirija yakiganda, mirija inapasuka, na mpasuko hauonekani kwa macho. Kesho yake kichujio kitapitisha maji vilevile, pamoja na vijidudu vyake. Ndiyo maana usiku wa Oktoba wajuzi hulala nacho ndani ya mfuko wa kulalia, karibu na tumbo. Ujuzi huu hauna hata gramu moja, na ndio unaokuwezesha kuziacha zile lita mbili nyumbani.

Chakula kina habari ndefu kidogo, na hapa mtu wa kwetu haanzi mikono mitupu. Katika maeneo ya ndani ya Algonquin makopo na chupa za vinywaji haviruhusiwi, kwa hiyo unarudi kwenye elimu ya zamani ya kukausha. Maharage yaliyopikwa yakaiva kabisa, kisha yakakaushwa kwenye tanuri kwa moto mdogo usiku kucha, yanapungua uzito hadi unayashika kiganjani huamini. Ukiyamwagia maji ya moto na kuyafunika, baada ya robo saa yamerudi kuwa maharage. Wali ni hivyohivyo. Bizari ya pilau inafungwa kwenye kikaratasi. Karanga zinakupa karibu kalori 570 kwa gramu 100, na tende ni za njiani, za kutia mfukoni. Mtu mzima hutembea vizuri kwa gramu 600 au 700 za chakula kikavu kwa siku. Wenyeji wa Kanada walilijua hili kitambo. Wakree na Wametis walikausha nyama ya nyati, wakaitwanga, wakaichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa, wakati mwingine na matunda ya porini, wakapata chakula kiitwacho pemikani kinachokaa miaka bila kuharibika. Kwa pemikani biashara ya ngozi ilivuka bara zima. Wapiga makasia wa makampuni waliivusha mitumbwi na shehena nchi kavu kutoka mto hadi mto, mtu mmoja akibeba mafurushi mawili ya kilo 40 kila moja kwa mkanda uliopitishwa kwenye paji la uso.

Dagaa wa Mwanza ni wepesi, wana nguvu, wanapikika upesi. Kwa vigezo vyote vya mizani wangekuwa chakula bora cha safari. Mimi huwaacha nyumbani kwa sababu ya dubu, ambaye pua yake huipata harufu kutoka mbali sana, na dagaa hawajifichi.

Na kwa dubu ndipo lile suala la nani anabeba linapokuwa zito. Utaratibu unajulikana: unapika mbali na hema, na usiku kila chenye harufu, chakula, sabuni, hata dawa ya meno, kinatundikwa mtini, mita nne kutoka ardhini na mita mbili kutoka kwenye shina, au kinafungiwa kwenye debe gumu la plastiki ambalo dubu hawezi kulifungua. Debe hilo lina uzito wa kilo moja hivi. Kwa mtu aliyekwisha kupima hadi kijiko, kilo moja ni nyingi, na wapo wanaoliacha wakalala na chakula chao kichwani. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Lakini siku dubu akikipata, hata kama mtu hakuguswa, mnyama yule amejifunza kwamba mahema yana chakula. Atarudi kwa wengine, atazidi kuwa jasiri, na mwisho wake kwa kawaida ni risasi ya askari wa wanyamapori. Ile kilo moja aliyoiacha mtembezi imebebwa na dubu, naye ameilipia kwa uhai wake. Sioni namna ya kuuita huo ustadi.

Ni vivyo hivyo kwa sweta lililoachwa ili kuokoa gramu 400. Usiku wa Julai kwenye milima ya magharibi joto linaweza kushuka karibu na kuganda, na nguo ya pamba ikishalowa mvua inaufyonza mwili joto badala ya kuutunza. Anayekwama huko British Columbia hufuatwa na vikundi vya kujitolea: mafundi, walimu, wauguzi, watu wenye kazi zao za mchana, wanaoamka saa nane za usiku wakapanda mlima na machela. Hawamtozi aliyeokolewa hata senti. Ajali humpata yeyote na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo; ila mtu anayepanga tangu nyumbani kwamba akipata baridi atabonyeza kifaa cha setilaiti, huyo ameliweka sweta lake kwenye shanta la mtu mwingine. Hayuko mbali na yule wa kwetu anayemkabidhi mpagazi kiti cha kukunja.

Kuna vitu vidogo ambavyo wepesi wa kweli haugombani navyo kabisa. Chandarua cha uso ni kimoja. Mwezi wa Mei na Juni misitu ya Ontario hujaa nzi weusi, wadogo, wanaozaliwa kwenye maji safi yaendayo kasi, wanaokata ngozi nyuma ya masikio hadi damu ikachuruzika. Chandarua kina gramu 30. Aliyewahi kukaa bila hicho, hata siku moja ya Juni, hatauliza kama kinastahili nafasi yake.

Magharibi mwa Algonquin, kaskazini mwa ghuba ya Georgian, iko Killarney, na njia ya La Cloche inayozunguka kilomita 78 juu ya vilima vya mawe meupe. Maziwa yake ni ya buluu ambayo macho hayaiamini, maangavu kiasi cha kuhesabu mawe chini mita nyingi. Wachoraji waliyapenda mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 A. Y. Jackson aliandika kuiomba serikali izuie ukataji wa miti kwenye ukingo wa ziwa mojawapo, na likaokolewa. Uangavu ule, hata hivyo, kwa sehemu kubwa ulikuwa dalili ya ugonjwa. Moshi wa viwanda vya kuyeyusha nikeli na shaba vya Sudbury, umbali wa kilomita kama 60, ulishuka na mvua kama asidi, na maji yakaishiwa na uhai uliokuwa ukiyatia rangi. Miaka ya 1960 Harold Harvey na Richard Beamish wa Chuo Kikuu cha Toronto waliona samaki wakitoweka katika ziwa Lumsden na mengine ya jirani, na utafiti wao ukawa miongoni mwa ushahidi wa kwanza wa mvua ya asidi katika bara lile. Mwaka 1972 Sudbury ilipata bomba la moshi la mita 381, refu kuliko mengine yote duniani wakati huo. Hewa ya mji ikapata nafuu, na moshi ukatua mbali zaidi, kwenye maziwa ya watu ambao hawakuwa wamewahi kuisikia Sudbury.

Nimelitembea eneo hilo nikiwa na mzigo mdogo mgongoni, na sijapata kuuona uzito uliohamishwa kwa uwazi namna ile. Lakini Killarney pia ni mahali pa matumaini. Serikali ya Ontario iliyabana makampuni kuanzia miaka ya 1970, na kwa nguvu zaidi mwaka 1985. Moshi wa Sudbury wenye salfa umepungua kwa zaidi ya asilimia 90, bomba lile refu liliacha kutumika mwaka 2020, na katika baadhi ya maziwa samaki wamerudi. Waliouzalisha uzito ule walilazimishwa kuubeba wenyewe, na wakaweza.

Nawasihi Waswahili mlioko Toronto, Ottawa, Edmonton na kwingineko, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Warundi, muingie misitu hii. Nimesikia mara nyingi tukisema kulala porini ni mambo ya Wazungu, na kila nikisikia nahuzunika, maana elimu ya kwenda mbali na vitu vichache ni urithi wetu kama ulivyo wao. Raba mlizo nazo zinatosha kwa njia ya Highland. Mfuko wa kulalia unaazimika, turubai si ghali, karanga ziko kila duka. Mwende na mtu aliyewahi kwenda, mwache ratiba nyumbani kwa mtu wa kuaminika, mbebe sweta, mbebe debe la dubu, na shimo la choo lichimbwe mbali na maji. Msiende Juni. Septemba nzi weusi wamekwisha, mepo imeanza kuwa nyekundu na maziwa bado yanaogeka kwa aliye jasiri. Asiye na fedha ya hifadhi ajue kwamba mkazi wa Kanada anaruhusiwa kupiga kambi bure kwenye ardhi ya umma ya Ontario hadi siku 21 mahali pamoja. Mwenye kutaka Algonquin aweke nafasi mapema. Zinafunguliwa miezi mitano kabla, kwa hiyo za Septemba zinaanza kuchukuliwa Aprili.